Mama Afuta Kauli

Siku za shule Chiriku aliamshwa na sauti ya randa. Karakana ya baba yake, fundi seremala, ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na fundi huyo hakuwa mtu wa kungoja jua lipande. Chiriku alizoa maranda, akayashindilia kwenye gunia la kuwashia moto, akanawa, kisha akanywa chai yake wima huku akiongea. Jina la Chiriku hakupewa bure. Aliongea akila, aliongea akioga, na baba yake alisema hata usingizini mtoto yule hutoa hotuba.

"Umerithi kwa mama yako," fundi alimtania. "Ila yeye kuna Spika wa kumwambia akae chini. Wewe nani atakuweza?"

Mama yake alikuwa mbunge, tena wa upinzani. Sehemu kubwa ya mwaka alikuwa mbali, bungeni, akiuliza habari za mbegu zisizoota, za barabara ambazo mazao huoza juu yake, na zaidi ya yote habari za msitu wa mlimani. Msitu ule ulikatwa na wenye vibali na wasio na vibali, mpaka chemchemi iliyonywesha kijiji kizima ikawa inatoka kidogo kidogo kama jasho la mgonjwa. Watu walimcheka fundi kwamba mke anatetea miti na mume anaipasua mbao.

"Ndiyo maana namuunga mkono," fundi aliwajibu. "Miti ikiisha, nitapiga randa mawe?"

Mwaka huo, baada ya mama kupiga kelele sana, serikali ilikubali kutoa miche ipandwe kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Aliyeileta ni afisa misitu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Miti. Aliisafirisha kwa pikipiki, safari baada ya safari, akaikabidhi shule iitunze kitaluni hadi mvua zianze. Likizo ilipofika, wanafunzi wakagawanywa kwa zamu za kumwagilia maji. Kiongozi wa zamu ya katikati ya likizo, jua linapochoma kuliko wakati wowote, alikuwa Chiriku.

"Msiache hata siku moja," Bwana Miti aliwaambia. "Mche ulio ndani ya kiriba, kifuko hiki cha plastiki, ni kama mtoto mchanga. Hauwezi kunyanyuka ukajitafutie maji."

Mwanzoni walimwagilia vizuri tu. Kisha kijito cha karibu kikakauka, ikabidi washuke na ndoo hadi bondeni na kupanda nazo, shingo zikiuma. Siku moja kukawa na mashindano ya rede uwanjani.

"Jana imekunywa ikashiba," Chiriku akasema. "Leo ipumzike."

Wenzake wakacheka, wakatua ndoo. Kesho yake ikapumzika tena, na keshokutwa. Waliporudi, miche ilikuwa imesimama vilevile kwenye mistari yake, lakini ya rangi ya kahawia, na majani yalivunjika vidoleni kama karatasi kuukuu.

Habari zilimfikia mama, akaja nyumbani mapumziko ya mwisho wa wiki. Hata kilemba hakufungua, akapanda moja kwa moja kitaluni, Chiriku akimfuata nyuma. Akachuchumaa, akavunja kijiti, akakitazama ndani.

"Nini kimeiua?"

Chiriku alihisi ulimi wake ukitangulia, kama kawaida yake. "Ilikuja imekufa ndani kwa ndani, mama, majani tu ndiyo yalikuwa mabichi. Mizizi ilishakauka. Tulimwagilia weee, haikuamka."

"Una hakika? Maana neno hili nikilibeba, nalifikisha bungeni."

"Kweli tupu, mama! Muulize yeyote wa zamu yangu."

Mama hakumuuliza yeyote. Alijifuta vumbi mikononi, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama furaha kali, ya mtu aliyepata jiwe la kurusha.

Siku bunge lilipokaa, redio ya karakana ilifunguliwa kwa sauti ya juu. Fundi cherehani wa jirani alikuwapo, akingoja kigoda chake kitiwe mguu. Sauti ya mama ikatoka safi kabisa.

"Mheshimiwa Spika, swali la nyongeza. Je, Waziri ana habari kwamba miche aliyoleta jimboni kwangu ilifika imekufa? Au huo ndio mpango mpya wa serikali, kupanda kuni?"

Wabunge wa upinzani wakapiga meza. Fundi cherehani akajipiga paja. "Kupanda kuni! Lo, shemeji yangu kiboko!"

Chiriku naye alicheka. Kisha akasimama Waziri, akasema polepole kwamba hilo ni jambo zito, na kwamba afisa aliyehusika anasimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

"Umeona?" fundi cherehani akasema. "Mtu kang'olewa hivihivi."

Chiriku akainama akaanza kuzoa maranda ambayo alikwisha kuyazoa.

Binti wa Bwana Miti, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama shavuni, ndiye aliyekaa naye dawati moja. Siku iliyofuata, shule ikiwa imekwisha kufunguliwa, Kidoti alikuja kurudisha vitabu.

"Tunahamia kwa bibi," akasema. "Nyumba ni ya kazi, na kazi ndiyo hiyo imekwenda."

"Lakini si wanachunguza kwanza?"

"Baba hata hataki wachunguze. Anasema mama yako hawezi kusema uongo, kwa hiyo lazima ni yeye aliyekosea. Anakaa tu anajiuliza alikosea wapi. Hali, hasemi."

Mchana huo Chiriku alikwenda moja kwa moja karakanani. Alimwambia baba yake yote, kuhusu rede, ndoo na uongo wenyewe. Randa ikasimama katikati ya ubao.

Baba hakupayuka. Alitoa simu mfukoni, akamnyooshea. "Mpigie mama yako. Kinywa kilichosema ni chako, siyo changu."

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Bwana Miti ameshahama?"

"Wanafunga mizigo."

"Nenda kwake sasa hivi na baba yako. Umwambie hayohayo, usipunguze. Mimi nitasema huku kwangu."

Walimkuta Bwana Miti ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Chiriku alisema, macho chini. Bwana Miti alimsikiliza, akashusha pumzi ndefu.

"Nilikuwa nikidhani ni turubai la kuifunikia," akasema. "Kwamba sikulifunga vizuri njiani, upepo ukaichoma mizizi."

Basi. Hakumgombeza. Mkewe ndiye aliyesimama mlangoni, sauti ikitetemeka. "Unajua sokoni wananiitaje? Mke wa mla miche! Na mwanangu huyu unakaa naye dawati moja!"

"Nisamehe, mama," Chiriku akasema. Mwanamke akageuka, akaendelea kufunga mizigo.

Bunge lilipokaa tena, hakuna aliyetaka kufungua redio, lakini fundi aliifungua.

"Mheshimiwa Spika, naomba kufuta kauli yangu kuhusu miche. Ilikufa kwa kukosa maji, na waliopaswa kuimwagilia ni watoto wetu, akiwemo wangu. Afisa misitu hana kosa. Kosa ni langu, kwa kusema nisilolichunguza. Naomba arudishwe kazini."

Upande wa serikali ulilipuka kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Akafute na ubao wa shule!" Spika aligonga nyundo hadi akachoka.

Kisha ikaja hoja ambayo mama aliihangaikia mwaka mzima, ya kusimamisha vibali vya kukata miti kuzunguka chemchemi. Mbunge mmoja alisimama na kuuliza, kwa sauti laini kabisa, "Na kukauka kwa hiyo chemchemi, tumeambiwa na nani? Mtoto yuleyule?" Bunge zima likacheka. Walipoulizwa wanaokubali, wachache waliitikia. Wanaokataa waliitikia kwa kishindo, na hoja ikaanguka.

Fundi akazima redio. Siku hiyo randa haikusikika tena.

Bwana Miti alirudishwa kazini. Alileta miche mingine, michache kuliko ile ya kwanza, na sasa alipita kitaluni kila siku kuitazama kwa macho yake mwenyewe. Chiriku na zamu yake walipewa kazi ya kumwagilia mpaka mvua, na hakuna aliyetaja rede. Kidoti alirudi darasani, ila aliomba dawati jingine.

Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, mama alikuja kusaidia kupanda. Walichimba mashimo mteremkoni, yeye na bintiye. Mwishowe Chiriku hakuweza kuvumilia.

"Mama, msitu utaisha kwa ajili yangu?"

Mama aliweka jembe chini. "Siyo wewe peke yako. Uliponiambia miche ilikuja imekufa, nilitaka sana iwe kweli. Ilinifaa kuipigia serikali. Ndiyo maana sikuuliza mtu mwingine. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe."

Akachukua mche, akachana kiriba taratibu.

"Lakini lako nalo lisikie. Wenzetu wana magari, wana wataalamu, wana wingi wa kura. Sisi upinzani tuna kitu kimoja tu: tukisema jambo, mtu akija kutazama alikute. Wewe ulitaka usigombezwe, basi. Ukaona ni kauongo kadogo. Kakamtoa mtu kazini, kakamnyima usingizi, kakaifanya chemchemi yetu kuwa kichekesho. Ukikosea, mwanangu, sema umekosea siku ileile, wakati kosa bado ni lako peke yako. Ukichelewa, watalilipa watu wasiojua hata lilianzia wapi."

"Utaipeleka tena hoja?"

"Nitaipeleka."

"Watacheka."

"Watacheka, ndiyo. Nitaipeleka tena, na kila neno nitakuwa nimelikagua kwa miguu yangu."

Barabarani chini lori lilipita, limesheheni magogo mabichi. Wote wawili walilitazama hadi lilipopotea kwenye kona. Kisha mama akapiga magoti kwenye tope, akausimamisha mche shimoni, na Chiriku akaanza kuufukia udongo kwa mikono.