Maua ya Ruphin na Jembe la Placide

"Placide, umefanya nini?"

Clémentine alisimama mlangoni, mkoba wa saluni bado begani. Uwanja wa nyuma ulikuwa mweupe, umelimwa na kufagiwa.

"Nimekusafishia, Mama Chloé," Placide alisema akijifuta jasho. "Vilikuwa vijiti vikavu tu."

"Vijiti hivyo ni maua ya Ruphin."

Placide akashusha jembe. Ruphin, marehemu mume wa Clémentine, alikuwa mtunza bustani za watu huku mjini, mtaa wa Midrand. Mbegu alizileta nyumbani mfukoni, kutoka kazini: ua la njano la mbuga za huku, lisilodai maji. Kiangazi kilichopita, jiji lilipozuia watu kumwagilia, waridi za majirani zilikauka. Maua ya Ruphin yalichanua, yakajaa nyuki.

"Lakini yalikuwa yamekufa!"

"Yalikuwa yamelala. Kila majira ya baridi yanalala."

"Eish. Mimi mlinzi, Mama Chloé, maua siyajui. Kwetu Uvira uwanja ukiwa na magugu, watu wanasema mama huyu hana mtu. Nilitaka majirani waone una mtu."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Basi chukua jembe lako uende."

Placide alikuwa ameomba kumwoa, na Jumapili iliyokuwa inakuja Clémentine alikuwa ampe jibu. Alimtumia ujumbe jioni hiyo hiyo: "Jibu ni hapana. Usije tena."

"Nimeelewa. Pole kwa maua," Placide akajibu.

Hakupiga simu. Wala hakumtuma mtu wa kanisa aje kumwombea msamaha, ingawa Clémentine alikuwa ameshapanga maneno ya kumfukuza nayo.

Mvua za kwanza zilinyesha Oktoba. Clémentine, akianika nguo, aliona majani yenye miiba midogo yakichomoza pale pale. Jembe lilikata juu tu. Mizizi ilikuwa chini sana. Alichuchumaa, akayagusa, kisha akaendelea kuanika. Ua la kwanza lilipofunguka na nyuki akatua juu yake, alichukua simu.

"Uko kazini?"

"Niko getini. Kuna nini, Mama Chloé?"

"Maua yamerudi."

Gari lilipiga honi huko aliko. Placide hakulijali.

"Yote?"

"Yote. Na nyuki wake."

"Mungu asifiwe! Kila nikipita maduka ya Fordsburg naulizia mbegu za maua hayo, wananiuzia waridi tu. Sasa nina waridi nyumba nzima."

Clémentine alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Lile jibu nimelibadilisha. Njoo Jumapili baada ya ibada."

"Nije na nini?"

"Njoo na wazee wako. Jembe liache nyumbani."