Mke Aliyefunga Mkanda

Klik.

Mama Kifungo akafungua macho. Saa nane za usiku, nyumba kimya, mume wake yuko ubavuni anakoroma, na upande wa pili wa ukuta, gerejini, mtu kafunga mkanda wa gari. Si mlango, si panya, si bati linalojikunja kwa baridi. Mlio ule anaujua: mkanda unavutwa taratibu, srrr, halafu klik.

Akamtikisa mumewe. "Baba Kifungo. Kuna mtu kwenye gari lako."

"Lala, mama."

"Nakwambia kuna mtu amefunga mkanda!"

"Mkanda upi?" Hata macho hakuyafungua. "Mikanda niling'oa juzi. Iko kwenye ndoo."

Akarudia kukoroma kwake. Yeye akabaki ameganda, amemkumbatia mwanawe Kifungo, na hofu ikaanza kugeuka hasira, maana ndivyo alivyoumbwa: akiogopa sana, hukasirika.

Na hasira yenyewe haikuanza usiku ule. Ile gereji ilikuwa chumba cha mtoto. Alikipaka rangi ya maziwa yeye mwenyewe, mimba ya miezi minane, amepanda juu ya kiti akihangaika na dari. Halafu mumewe, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima unamwita Spana, akaleta gari: jekundu, la mbio, milango miwili, limepondeka ubavu mmoja, kalitoa kwenye uwanja wa magari ya ajali. Wiki ileile akabomoa ukuta wa chumba, akaweka geti. Mtoto akahamia kitandani kwao, gari likalala chumbani kwa mtoto. Injini ikashushwa, springi zikakatwa hadi gari likainama kama paka anayevizia, viti vya nyuma vikang'olewa liwe jepesi.

"Na mtoto atakaa wapi?" aliuliza.

"Hili si gari la kubebea mtoto."

Siku alipokuta beseni la kumwogeshea Kifungo limejaa oili nyeusi, alimrushia mumewe kipande cha sabuni, kikampata sikioni, na wala hakuomba radhi.

Ila lililomkwama kooni ni neno. Jumapili moja marafiki wawili wa Spana walikuja kulitazama gari. Alipowapelekea chai akamkuta mumewe kaweka kiganja juu ya boneti. Pete ya ndoa alikuwa ameivua, isije ikanaswa na mkanda wa feni ikaondoka na kidole, akaivisha kwenye mkono wa gia.

"Shuhudieni, jamani," akasema. "Huyu ndiye mke wangu. Yule wa ndani ni mama wa mtoto tu."

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Yeye alitamani kuwamwagia iliyobaki.

Tangu Jumapili hiyo ndipo ile klik ilipoanza, na baada ya mlio ikaja harufu. Mafuta ya nywele ya kike, matamu ya kukinaisha, na chini yake petroli. Kwanza alidhani ni mwanamke wa kawaida. Akaingia gerejini ameshika mwiko.

"Nani anapanda humu mimi nikiwa sipo?"

Spana akatoa kichwa chini ya gari. "Umeanza kulionea wivu gari?"

"Gari silionei wivu. Namwonea huruma mama aliyekuzaa. Na pete yako iko wapi?"

"Imegoma kutoka kwenye gia. Nitaikata kwa msumeno." Hakuikata.

Halafu ukaja mchana mmoja. Jua la saa saba, Spana yuko kazini, yeye yuko nyuma ya nyumba anaanika nepi, Kifungo kamwacha kwenye mkeka sebuleni, mtoto wa miezi saba ambaye hata kutambaa hajui vizuri, na nepi ya tatu ilikuwa bado mkononi aliposikia kicheko cha mwanawe kikitoka mahali kisipopaswa kutoka. Akakimbilia sebuleni, mkeka mtupu. Akakimbilia chumbani, hakuna, jikoni, hakuna, na kicheko kinaendelea, kicheko kile cha mtoto anayetekenywa tumboni, na mtoto hajitekenyi, hilo kila mama analijua, akaingia gerejini kwa mlango wa ndani ya nyumba, geti la nje limefungwa kwa ndani, milango yote miwili ya gari imefungwa kwa ufunguo, na ndani, kwenye kiti cha abiria, Kifungo ameketi amenyooka kama mtu mzima, kafungwa mkanda kifuani, mkanda ambao alikuwa ameuona asubuhi kwenye ndoo, nywele zake chache zimepakwa mafuta zikachanwa upande, na anamtazama mtu aliye nyuma ya usukani, ambako hapakuwa na mtu.

Hakupiga kelele. Alichukua spana ya magurudumu akapasua kioo cha upande wa dereva. Akaingiza mkono, akafungua mlango, akafungua mkanda, akamtoa mwanawe, damu ya mkono wake ikawachuruzikia wote wawili. Kifungo akalia akikinyooshea mikono kiti cha dereva.

Spana aliporudi, kitu cha kwanza kukiona ni kioo.

"Umevunja kioo? Unajua kioo cha gari hili hakipatikani?"

"Mwanao alikuwa ndani!"

"Aingie vipi? Funguo hii hapa mfukoni, nimeshinda nayo tangu asubuhi! Nani angemweka..."

Akasita. Alikuwa amejisikia anachosema.

"Endelea," mkewe akamwambia. "Nani angemweka? Nijibu, bingwa wa mbio."

Spana akainama akaokota vipande vya kioo. Ila usiku hakukoroma.

Asubuhi akaja Bi Sindano. Huyu kazi yake ni kushona viti vya magari, mwanamke mpana mwenye sindano tatu kwenye ukosi, na Spana alikuwa amemwita zamani aje kupima viti avishonee ngozi mpya. Kifungo alikuwa amelala chumbani. Bi Sindano akainama mlangoni mwa gari, akaweka kiganja kwenye kiti cha abiria, akakiondoa upesi.

"Kina joto."

"Jua hilo," Spana akasema.

"Jua limepitia wapi humu?" Akatazama tena. Akaiona pete kwenye gia. "Na huyu nani kaolewa?"

Mama Kifungo akamweleza yote pale pale, kwa pumzi moja: mkanda, mafuta ya nywele, mtoto, mashahidi. Bi Sindano akakaa juu ya tairi.

"Mwanangu," akamwambia Spana, "magari ya ajali huingiwa na majini kama magofu yanavyoingiwa na popo. Mimi kabla sijachoma sindano huomba ruhusa, na wao hunyamaza, hawana ugomvi na mtu. Wewe hukuomba ruhusa. Wewe umeposa. Umetoa pete, umetamka, mashahidi wawili wamekunywa chai. Huyu ni mkeo, na ameona nyumba yenu ina mtoto, naye hana."

"Ulikuwa utani!"

"Wao utani hawaujui. Mwache. Kwa mdomo uleule. Lakini mtaje vizuri: sema, wewe uliyemo kwenye kiti hiki. Usiongeze neno lako."

Spana akasimama mbele ya boneti, mikono kiunoni, mtu mzima aliyeamriwa na wanawake wawili kuzungumza na gari. Akakohoa.

"Sema basi!" mkewe akamfokea kutoka nyuma. Miezi yote ile ilikuwa ndani ya sauti hiyo. "Kumwoa ulikuwa hodari! Chumba cha mwanangu umempa, beseni umempa, pete umempa, na kumwacha ndio ulimi umeota kutu?"

Spana akamgeukia, mishipa ya shingo imemsimama. "Haya! Mke wangu, nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha! Umeridhika?"

Bi Sindano akajishika kichwa. "Umemtazama nani, wewe? Umemtazama nani?"

Ndani ya gari kiti cha abiria kikainuka polepole, kama sponji inavyoinuka mtu akinyanyuka. Mlango ukafunguka wenyewe. Kisha wakasikia nyayo, nyayo tupu zenye unyevu, zikipita katikati yao na ile harufu, zikaingia ndani ya nyumba bila haraka, kama za mwenye nyumba.

Spana akapangusa mikono kwa kitambaa. Uso ulikuwa umemtulia. Akamtazama mkewe kwa adabu, kama anavyowatazama wateja.

"Samahani, dada. Unamtafuta nani?"

Alimzaba kofi. Spana hakuelewa kapigwa kwa nini, akabaki anajishika shavu, na kutoka chumbani sauti ikaita, "Baba Kifungo, kuna nini huko?" na sauti ilikuwa ya Mama Kifungo mwenyewe, hadi mkwaruzo wake wa asubuhi, ikaanza kumwimbia mtoto wimbo alioutunga yeye na hakuna mwingine anayeujua, naye tayari alikuwa ameshaingia, ameusukuma mlango kwa bega, analia na kutukana, na juu ya kitanda ameketi mwanamke kavaa kanga yake, mgongo wake, shingo yake, Kifungo yuko mapajani, anatafuta titi na hapati.

"Nipe mwanangu."

Yule hakugeuka. "Mtoto nitakupa, mimi sina maziwa. Mume nimeachiwa, umesikia kwa masikio yako."

"Mchukue! Ila ujue hata soksi hajui kufua."

Bega lile likatikisika, kama linacheka. "Lakini ukimwambia mtu kuwa mama wa nyumba hii ni wewe, nitakuja kumchukua na huyo mtoto. Bi Sindano ameona, hilo limepita. Mwingine asijue."

Alimnyakua Kifungo, akamkaza kifuani mpaka mtoto akaguna. Sebuleni Spana alikuwa anauliza chai iko wapi, anaulizia kwa upendo ambao mkewe hakuwa ameusikia tangu gari liingie. Alitaka kupiga kelele zisikike mtaa wa tatu. Akasaga meno.

"Naapa," akasema. "Sitamwambia mtu mwingine."