Zulia Kwenye Trafu Namba Saba

“Bilhah, fungua mlango! Fungua haraka, litanyeshewa tena!”

Nilitupa majani niliyokuwa nimebeba nikakimbilia mlango wa nyuma wa kiwanda. Ratemo, mwanaume ambaye zilibaki wiki tatu tu tufunge ndoa, alikuwa amesimama kwenye mvua na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa ndani ya turubai.

“Ni nini hicho?”

“Zulia la memsahib.”

“Mama yangu! Ratemo, umeiba?”

“Niibe nini, Bilhah? Nimeliosha, sasa halikauki!”

Wacha niwaeleze huyu Ratemo alikuwa mtu wa aina gani. Alizaliwa hapa hapa Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, Mkisii kama mimi. Akaenda Mombasa akakaa miaka sita, anaosha mazulia ya hoteli na ya majumba ya matajiri kwa mashine ya mvuke. Mwaka wa sabini na tatu akarudi na mashine yake mwenyewe, bingwa wa maneno, anatuambia jinsi unyevu wa bahari unavyoozesha zulia na jinsi yeye anavyoufukuza. Nami nikapenda. Nilimpenda mpaka nilikuwa nasahau kula.

“Si ulisema mvuke unafanya kazi popote?” nikamuuliza.

“Mombasa napuliza asubuhi, nafungua madirisha, saa nane zulia limekauka kabisa. Hapa jana nimefungua madirisha, ukungu ukaingia ndani! Limelala na maji, limeanza kunuka.”

“Kwani ulisahau umezaliwa wapi?”

“Nilizaliwa kwenye sakafu ya udongo, Bilhah. Zulia ningelijulia wapi?”

Ningecheka, lakini hakukuwa na wakati. Memsahib, mke wa meneja, alikuwa anarudi kesho yake na wageni kutoka Nakuru. Kama angelipenda zulia, Ratemo angepewa kazi ya nyumba zote za wakubwa pale shambani. Kama angelikuta linanuka, basi.

“Nikiharibu hili narudi Mombasa,” akasema.

“Na harusi?”

“Ni baba gani atampa binti mtu asiye na kazi?” Akanishika mkono. “Nisaidie kulilaza kwenye trafu moja tupu. Saa mbili tu. Nakuomba.”

Trafu ni kitanda kirefu cha wavu. Majani mabichi yanatandazwa juu, hewa ya moto inapulizwa kutoka chini mpaka yanyauke. Kazi yangu ilikuwa kuyatandaza. Na jambo la kwanza unalofundishwa ukiajiriwa ni kwamba majani ya chai yanavuta kila harufu. Sisi wanawake wa pale hatukupaka hata mafuta ya nywele siku ya kazi. Kitunguu hakikuingia, sabuni ya kunukia haikuingia.

“Ratemo, unajua sheria.”

“Najua. Na nakupenda.”

Nyapara wa chumba kile alikuwa baba yangu, Mzee Atuti, na saa ile alikuwa kwa fundi wa boila. Trafu namba saba ilikuwa tupu. Tukalitandaza zulia, nikafungua hewa. Sina kisingizio. Nilikuwa na akili zangu zote nikafanya upumbavu kwa mikono yangu.

Saa kumi zulia lilikuwa limekauka, Ratemo akaondoka nalo anapiga mluzi. Nikashika ndoo nisugue ule wavu. Hata sijachota maji, lori la jioni likafika, wenzangu wakaingia na magunia wakamwaga majani trafu zote, pamoja na namba saba. Ningepiga kelele. Ningesema simameni. Sikusema kitu.

Baada ya siku mbili muonjaji wa chai alitema mate mpaka kwenye viatu vyake.

“Sabuni!” akafoka. “Sabuni na dawa ya nondo! Nani amenitilia hii kitu?”

Chai yote ya siku ile ikatupwa. Tukapangwa mstari kwenye chumba chetu, meneja akapita ananusa trafu moja moja. Kwenye namba saba akasimama.

“Hii ni ya nani?”

Baba alikuwa ameinama karibu na wavu. Nilimwona akiokota uzi mwekundu wa sufu. Akautazama, akanitazama mimi, akautia mfukoni.

“Ni yangu, Bwana,” akasema. “Mimi ndiye sikuisafisha.”

Miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi pale. Akafutwa kazi, akaambiwa nyumba ya kampuni airudishe Jumatatu ijayo.

Jioni nilimkuta nyumbani anafunga vyombo kwa kamba.

“Tata,” nikamwambia. Ndivyo sisi tunavyomwita baba. “Tata, ule uzi…”

“Lete hiyo sufuria.”

“Tata, nisikilize. Wewe huna kosa.”

“Bilhah, mambo mengine baba hamuulizi binti yake. Unajua mila yetu. Wewe uko karibu kwenda kwako. Nenda kwa amani.”

“Na wewe utaenda wapi? Shamba la nyumbani si lilichukuliwa na ndugu zako?”

Akaendelea kufunga. Kamba ilikuwa inamponyoka, anaiokota, inamponyoka tena. Nilitoka nje nikalia mpaka nikakohoa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Ratemo. Nilimkuta amevaa shati jipya.

“Bilhah! Umesikia? Memsahib amefurahi! Anasema zulia linanukia majani mabichi, eti hajawahi kuona kazi kama hiyo. Nimepewa nyumba zote!”

“Baba amefukuzwa.”

Tabasamu likamtoka.

“Kesho twende ofisini,” nikamwambia. “Mimi na wewe. Tuseme.”

“Ngoja kwanza. Tufikirie.”

“Tufikirie nini?”

“Tukisema tutafukuzwa mimi na wewe. Nani atafaidika? Mzee ameshachoka, acha apumzike. Mimi nitamtunza, haki ya Mungu.”

“Apumzikie wapi, Ratemo? Barabarani?”

“Usinipigie kelele!”

“Nitapiga! Ni baba yangu!”

Nikamwacha pale. Asubuhi ya Ijumaa nilipovaa viatu vyangu vya mpira nikagusa karatasi kwa vidole vya mguu. Ratemo alikuwa ameandika hivi: *Mpenzi, usiseme kitu. Zimebaki wiki mbili na siku chache, tutakuwa pamoja, kila kitu kitakaa sawa. Usituue sote. Wako, R.*

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaenda ofisini peke yangu.

Meneja alikaa nyuma ya meza, karani mkuu Kipkosgei amesimama kando anamtafsiria. Nikaeleza yote, zulia, trafu, hewa ya moto. Meneja akaguna akamwashiria karani, naye akaizungusha simu kupiga nyumbani kwa mhasibu. Huko ndiko Ratemo alikokuwa anafanya kazi siku ile.

“Niitie yule wa mazulia… Ratemo? Hapa ofisini. Lile zulia la memsahib ulilikausha wapi?”

Karani akasikiliza. Akaniangalia.

“Anasema alilikausha nyumbani kwake. Kwa jiko la makaa.”

Nilimpokonya ile simu. Sikujali meneja, sikujali mtu.

“Ratemo, ni mimi.”

Nilimsikia anapumua.

“Ratemo, ni Bilhah. Nimesimama mbele yao. Sema ukweli.”

Bado anapumua.

“Ratemo, nakuomba. Sema hata neno moja.”

Simu ikakatwa.

Wakamwita baba. Aliingia, kofia mkononi, na hakunitazama.

“Mtoto ananitetea tu,” akasema. “Msimsikilize. Kosa ni langu.”

Basi nikawa mwongo. Wanaume wawili ninaowapenda walinikana siku moja, mmoja kwa kuniokoa, mwingine kwa kujiokoa. Karani Kipkosgei akanifungulia mlango akaninong’oneza nirudi kazini, akanionea huruma kama mtu aliyerukwa na akili.

Ratemo hakuja Ijumaa. Hakuja Jumamosi. Jumapili nilimwona kanisani, upande wa wanaume, macho yako sakafuni. Baba alikaa safu mbili mbele yake. Vyombo vyetu vilikuwa vimeshafungwa, kesho yake tulikuwa tunatoka. Baada ya ibada katekista Ogeto alifungua daftari lake.

“Tangazo la ndoa. Ratemo, mwana wa Ombati, na Bilhah, binti Atuti. Hili ni tangazo la tatu na la mwisho. Kama kuna ajuaye kizuizi chochote, aseme sasa.”

Nikasimama.

Wanawake waliokuwa karibu nami walinivuta gauni. “Kaa chini, wewe! Umechanganyikiwa?”

“Bilhah,” akasema Ogeto, “wewe ndiye bibi harusi.”

“Najua.”

“Bibi harusi haleti kizuizi.”

“Basi leo analeta. Mimi siolewi na mtu huyu.”

Kanisa likavuma. Ogeto akagonga meza. “Kwa sababu gani?”

Nilitaka kusema yote. Lakini baba alikuwa amegeuka ananitazama, na nilijua nikitaja trafu atasimama tena ajibebeshe yale yale mbele ya watu wote.

“Nilimwita jina lake mara tatu,” nikasema, “na hakuniitika. Nikiugua nitamwita nani? Nikizaa, mtoto akizidiwa, nitamwita nani?”

Nikatoka kwenye benchi kuelekea mlangoni.

“Bilhah, ngoja!”

Ratemo alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umeloa jasho.

“Niite sasa,” akasema. “Mbele ya hawa wote, nitaitika.”

“Sikuiti tena.”

“Basi nitasema bila kuitwa.” Akageuka upande wa karani Kipkosgei, aliyekuwa amekaa mbele na mke wake. “Karani, niliwadanganya kwenye simu. Zulia sikulikausha kwa makaa. Nililipeleka kiwandani, mimi ndiye nilimlazimisha Bilhah, tukaliweka kwenye trafu. Chai iliharibika kwa ajili yangu. Mzee Atuti hakujua chochote.”

“Sikulazimishwa,” nikasema. “Nilikubali.”

“Nyamaza, Bilhah,” akasema baba.

“Sinyamazi, Tata.”

Kipkosgei akasimama polepole. “Kijana, unajua unalosema? Nyumba za wakubwa zote utazipoteza. Na huyu msichana atafutwa kazi.”

“Najua.”

“Kesho saa mbili, ofisini. Na useme hivyo hivyo.”

“Nitakuja hata leo.”

Ratemo akatoka kwenye safu yake akaenda akapiga magoti mbele ya baba yangu. Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa kitambaa, akampa ajifute uso.

“Simama,” akamwambia. “Mimi si wa kuombwa. Nilimwita mtoto wangu mwongo mbele ya meneja.” Akanigeukia. “Bilhah, nisamehe.”

Hapo nikashika nguzo ya mlango. Sijawahi kumsikia baba akiomba msamaha kwa mtu, sembuse kwangu.

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilimtazama Ratemo. Nilitaka nimpige kofi, na nilitaka nimkumbatie, na hata leo sijui kipi nilikitaka zaidi.

Ogeto alikuwa bado ameshika kalamu juu ya daftari. “Sasa mimi niandike nini? Kizuizi kimeondoka au kipo?”

“Futa tangazo la tatu,” nikasema. “Futa na la pili, na la kwanza. Kama ananitaka, Jumapili ijayo aanze upya, kama mtu aliyenijua leo.”

Ogeto akamgeukia Ratemo. “Umesikia?”

“Nimesikia,” akasema. “Andika.”