Nyumba ya Sauti Tatu Kimbo

Ndugu zangu wa Ruiru na Thika, sogeeni niwaeleze yaliyompata Nelima, yule mama Bridget mnayemwona akipita na beseni lake asubuhi. Najua wengine mtasema nawaaibisha. Acha niwaaibishe.

Pale Kimbo, nyuma ya steji ya matatu, wanawake wafuaji nguo huketi kando ya ukuta wakingoja kuitwa. Jumanne ile kulikuwa na jua la kuota, chai ya themosi ilikuwa ikizunguka, na Becky alikuwa akiwavunja mbavu kwa visa vya mume wake. Nelima alicheka mpaka akafuta machozi. Bridget, bintiye wa pekee mwenye miaka minane, alikuwa ameshafika shuleni. Roho ya mama ilikuwa imetulia.

Ngigi, kastoma wa Nelima, akapita. Hakuita mtu, alikohoa tu, na Nelima akainuka kama anayekwenda kununua sabuni.

"Unaenda wapi?" Becky akauliza.

"Hapo tu."

Hiyo "hapo tu" ndiyo iliyomponza. Wafuaji hawa wana desturi yao: kastoma mzuri hatajwi, na nyumba yake haielekezwi, mwenzako asije akakuzunguka na kukupokonya kazi. Na Ngigi alikuwa mzuri. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, huongea akitazama viatu vyake. Alikuwa amemwita Nelima mara mbili tayari, akampa chai na kumuuliza habari za mtoto, naye Nelima akamtajia jina la Bridget na hata shule. Siku hiyo alipita vichochoro vya nyuma, akigeuka kila mara kuhakikisha hakuna anayemfuata. Maskini, aliwaficha wale ambao wangemsaidia.

Ndani kwa Ngigi, alikuwa ameloweka blanketi la kwanza aliposikia mlango ukitiwa kufuli kwa ndani.

"Ngigi?"

"Ngigi ametoka," ikajibu sauti nzito. "Mimi ni Kagwe. Ndio nachunga hapa. Ukishaingia, umeingia."

Alikuwa mtu yule yule, na shati lile lile. Lakini mabega yalikuwa yamesimama, na macho yalimkazia usoni bila kupepesa. Nelima alicheka kidogo akidhani ni mzaha. Kagwe akamnyang'anya simu, akaizamisha kwenye beseni.

Jioni ile sauti ya upole ikarudi. Ngigi alimkuta Nelima amejikunyata pembeni, akashtuka kweli kweli.

"Mama Bridget, bado uko? Mbona hujaenda nyumbani?"

"Nifungulie, tafadhali."

"Funguo ziko na Kagwe. Nikimuuliza huwa anakasirika."

Na funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye mshipi wake mwenyewe, zikilia kila aliposogea. Hapo ndipo Nelima alipoogopa hasa. Mwizi unaweza kumsihi, lakini hapa angemsihi nani?

Jumatano ikaja sauti ya tatu kinywani mwa mtu yule yule, ya mwanamke mzee. Ilikuwa sauti ya mama yake Ngigi, aliyekufa zamani, nayo ilitaka kuitwa cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Ilikagua shuka, ikamgombeza Kagwe kwa uvivu, naye Kagwe hakuthubutu kujibu.

Mchana wake mtu akagonga geti. "Ngigi, ni Magdalene. Nimekuletea unga na nduma."

Huyu alikuwa dada yake, mwenye duka la vitambaa Thika. Ndiye aliyempangishia nyumba ile iliyojitenga, ili watu wa kanisani kwake wasijue kwamba ndugu yake anaugua akili. Kila mwezi aliacha mfuko getini, akaondoka.

"Nisaidie!" Nelima alipiga kelele mpaka koo likamuuma. "Nimefungiwa huku!"

Kisha viatu vya Magdalene vikasikika vikienda zake, polepole, mpaka vikapotea.

Alhamisi Kagwe akatokea amevaa koti. "Hii nyumba inataka mtoto. Nitachukua Bridget akitoka shule."

Nelima aliona vile Bridget angempa mkono mtu huyu, kwa sababu angemwita kwa jina lake. Akainama, akainua blanketi likichuruzika maji, akasema kwa heshima zote:

"Cucu, blanketi zako zinaoza. Kagwe amekataa nianike."

Mgongo wa yule mtu ukapinda taratibu. Uso ukalegea.

"Nani amekataa?"

"Kagwe, cucu."

"Kagwe, fungulia mtoto wa watu aanike."

Na mkono ule ule ukashuka kwenye mshipi, ukafungua mlango.

Nje, geti lilikuwa na kufuli lake, na ukuta ulikuwa umepandwa vipande vya chupa. Nelima alitupa blanketi juu ya chupa, akapanda pipa la maji. Nyuma yake sauti nzito ikauliza, "Nani amefungua?" Hakugeuka. Chupa zilimchana kiganja, akaangukia upande wa pili, akakimbia na damu yake hadi shuleni, akamkuta Bridget darasani akichora.

Polisi walioitwa na walimu walipofika nyumba ile walimkuta Ngigi kizingitini akikunja shuka. Aliuliza kama mama Bridget alifika nyumbani salama. Alipelekwa hospitali. Magdalene alipoitwa alilia: "Nilisikia mwanamke. Nikasema ni zile sauti zake tu."

Ijumaa wafuaji walikuja na sukari kumwona Nelima. Walikuwa wamemlaza Bridget kwao na kumtafuta mama yake siku mbili bila kujua waanzie nyumba gani. Wenzake walipoondoka, Becky alibaki, akamshika mkono uliofungwa bandeji.

"Hata mimi Ngigi alinifungia, mwaka jana. Nusu siku. Sikujua ndiye uliyemfuata Jumanne."

"Na hukusema?"

"Mngenicheka. Halafu mngejua nyumba zangu."

Nelima akauondoa mkono wake.

FUNZO

Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, na wengi wanaougua hawamdhuru mtu. Ngigi angetibiwa mapema angekuwa jirani kama majirani wengine. Magdalene alimficha kwa aibu, na aibu hiyo ikamfanya apite kilio cha mtu akidhani ni zile sauti alizozizoea. Kwa hivyo mgonjwa wenu mpelekeni hospitali, na mkae naye. Na nyinyi mnaotafuta riziki kwenye nyumba za watu, waambieni wenzenu mnakokwenda, hata kama kazi itawaponyoka. Mabaya yaliyokupata usiyameze. Becky aliyameza, na Nelima akaingia nyumba ile ile.