Aliyemwita Elieth

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba Klaudia alipotoka kwenda barabarani kumpokea fundi. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi tu, kanga begani, tochi mkononi. Lakini alitembea kama mtu anayekimbilia hospitali.

Fundi alikuwa ameshashuka, amesimama kando ya lami ya kuelekea Muleba mjini, begi amelikumbatia kifuani. Jina lake Damian, kijana mwembamba anayetengeneza vifaa vya umeme pale Bukoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na boksi lingine la kamera?"

"Ninalo humu. Ni la aina ileile."

"Twende basi. Mengine utanieleza tukifika."

Njia nzima aliyesema ni Klaudia, na alisema yote, maana mtu akijaa hivyo hachagui wa kumwagia. Alikuwa na binti mmoja tu, Elieth, amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Siku moja Klaudia alikwenda Bukoba na kwaya ya usharika, akalala huko. Aliporudi asubuhi alimkuta Elieth ameketi chini ya mgomba nyuma ya nyumba, gauni la kulalia limelowa umande, macho wazi, mdomo umefungwa. Tangu siku hiyo hajasema neno. Uji ukimpa unamtoka pembeni mwa midomo. Hospitali walimlaza, wakapima kila kinachopimika, mwisho wakasema mpelekeni nyumbani. Ukisikia daktari anakwambia hivyo, wewe jua tu.

"Mama mkwe anasema mtoto ameitwa," Klaudia alisema. "Ameitwa kukiwa giza, naye akaitika. Na aliyemwita ndiye pekee anayeweza kumwachia."

Damian hakucheka. Mtoto wa Kihaya huyo, hayo ameyasikia tangu akibebwa mgongoni.

"Sasa mimi ninazo kamera," Klaudia aliendelea. "Niliziweka kwa ajili ya wezi wa vanila. Moja iko kwenye nguzo migombani, inatazama nyuma ya nyumba, na inanasa mpaka sauti. Lakini tukiwa hospitali radi ikaipiga mashine. Fundi wa hapa Muleba akataka kuifuta ndipo iwake. Nikamwambia ukiifuta, umemzika mwanangu."

"Unamshuku nani, mama?"

"Violeth. Jirani. Tumegombania mpaka wa shamba hadi tumechoka. Nikimwona kwenye hiyo picha, nitamleta kwa kumshika mkono. Nitampigia magoti hata. Amwachie tu."

Nyumbani, mama mkwe, Bibi Kokwijuka, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda cha Elieth. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kutoka sebuleni ungeweza kumwona mgonjwa: mikono miwili juu ya blanketi, imekonda mpaka viwiko vimekuwa vikubwa kuliko mikono yenyewe. Damian alimsalimia bibi kwa kupiga goti, kisha akaenda kwenye mashine chini ya runinga.

Alifungua mfuniko. Harufu ya kuungua ikatoka.

"Ubao wa ndani umekufa," alisema. "Ila diski yenye picha ni nzima. Naihamishia kwenye boksi hili jipya."

Kabla ya kuwasha alichomoa nyaya zote za kamera, moja baada ya nyingine.

"Mbona unazing'oa?" Klaudia aliuliza.

"Diski imejaa, mama. Mashine ikiona kamera tu, inaanza kurekodi, na inakula picha za zamani ili ipate nafasi. Siku unayoitaka ndiyo ya zamani kuliko zote humu. Itakuwa ya kwanza kuliwa."

Akawasha. Runinga ikatoa maandishi.

"Inasemaje?"

"Haiijui hii diski. Inauliza iifute, au iache."

Damian akapeleka kidole polepole, akabonyeza. Iache.

Picha zikapanda, tarehe kwa tarehe, zote zipo. Klaudia alikaa chini kwenye zulia. Machozi yalimtoka, ya furaha kabisa, maskini, bila kujua anachokifurahia.

"Ngoja kwanza nihamishie nakala kwenye flashi," Damian alisema. "Tukishakuwa na nakala, hata..."

"Nionyeshe kwanza."

"Mama, ni kitendo cha dakika chache."

"Mwanangu anakufa, Damian. Nionyeshe."

Akamwonyesha.

Alfajiri, giza bado halijapasuka. Migomba imesimama kijivu. Majani yanasogea, kimya. Damian akaongeza sauti, na sebule ikajaa mlio wa nyenje.

Kisha nyenje wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Mtu akatokea kati ya migomba. Mwanamke. Hakutoka njiani wala uani. Alikuwa hayupo, halafu yupo. Alisimama ameipa kamera mgongo, kanga kichwani, akiutazama mlango wa nyuma.

"Ni yeye," Klaudia alinong'ona. "Mshenzi. Mwone alivyosimama."

Mwanamke yule akaita.

"Elieth."

Mara moja tu. Sauti haikuwa kali. Ilikuwa ya mzazi anayemwita mtoto aje apokee mzigo.

Damian aligeuza shingo, akamtazama Klaudia. Bibi Kokwijuka, kule chumbani, aliinua kichwa.

Ilikuwa sauti ya Klaudia.

Na kutoka ndani ya nyumba, kwenye ile rekodi, binti akajibu hapohapo, kwa adabu, bila kusubiri:

"Waitu."

Hapo ndipo Klaudia alipouma kanga yake. Hili neno alimfundisha yeye. Mhaya akiitwa na mkubwa huitika *waitu*, na Klaudia hakutaka mtoto wa kuitwa mara mbili. Ukiitwa mara ya pili, kofi. Bibi alikuwa akimkataza tangu Elieth akiwa mdogo: kukiwa giza mwache mtoto asubiri aitwe tena, kitu cha migombani hakina pumzi ya kuita mara ya pili. Klaudia alikuwa akimjibu mkwewe kwamba hayo ni mambo ya kizamani, yeye ni mtu wa kanisa. Na Elieth akakua na adabu nzuri, majirani wakamsifu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Elieth akatoka na gauni la kulalia, akijifikicha macho.

"Mama? Umesharudi?"

Elieth alipomfikia, mwanamke akageuka kuelekea migombani. Mwanga wa taa ya uani ukamwangukia usoni.

Uso ni uleule wa Klaudia. Kovu dogo juu ya nyusi, lilelile. Alimshika Elieth mkono wakaingia migombani pamoja, wakiwa wameshikana vizuri tu, kama mama na mwanawe wanaokwenda kanisani.

"Sikuwepo," Klaudia alisema. "Damian, nilikuwa Bukoba. Nililala hosteli na wanakwaya wenzangu. Waulize."

"Sijasema kitu, mama."

"Waulize."

"Sijasema kitu."

Lakini alikuwa amesogeza kiti chake nyuma. Alirudisha runinga kwenye ukurasa wa mwanzo, labda kwa kutaka tu kuondoa ule uso mbele yake. Ukurasa huo una vidirisha vinne vya kamera, na kwa kuwa nyaya zote zilikuwa zimelala sakafuni, vyote vilitakiwa viwe vyeusi.

Vitatu vilikuwa vyeusi.

Cha nne kilikuwa na migomba.

Harufu ya majani mabichi, ya mgomba uliokatwa sasa hivi, ikaingia sebuleni. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Damian... hiyo ni ya siku ile?"

"Hapana. Hiyo ni ya sasa."

Kwenye kona ya kidirisha taa ndogo nyekundu ilikuwa ikiwakawaka. Mashine inarekodi. Damian aliruka, akabonyeza kusimamisha. Haikusimama. Alibonyeza tena. Alipochomoa waya wa umeme ukutani, picha ilibaki muda kidogo, ikitetemeka, na katikati ya migomba kulikuwa na mtu amesimama. Kisha runinga ikawa nyeusi.

Walipowasha upya, siku ile haikuwepo. Orodha ilianzia siku iliyofuata. Alfajiri nzima ilikuwa imeliwa.

"Nilikwambia tuhamishe," Damian alisema polepole, akikusanya bisibisi zake.

Klaudia hakumsikia. Alikuwa anafikiri jambo moja tu, na mimi simlaumu, mzazi gani asingefikiri hivyo? Aliyemwita ndiye wa kumwachia. Kama ni yeye, basi ni yeye. Kama kuna kitu kilivaa sura yake, sura si anayo? Aingie, amwite mtoto, amwachie, yaishe.

Aliingia chumbani. Bibi Kokwijuka alimwona akija, akafungua mdomo kumzuia, akachelewa.

"Elieth," Klaudia aliita, kwa upole wote aliokuwa nao.

Macho ya mgonjwa yalizunguka, yakamfikia. Na Elieth akajisogeza. Mtu ambaye hakuwa ameinua hata kidole aliburuta mwili wake mpaka mgongo ukagota ukutani, magoti kifuani, anatetemeka mpaka kitanda kizima kinalia.

"Nimeshaitika, mama," alisema. "Unataka nini tena?"

Bibi alisimama. Alimshika mkwewe mkono, si kwa ukali, akamtoa mpaka barazani. "Kaa hapa, Mama Elieth. Akikuona atakufa kwa hofu. Mwache apumzike." Kisha akaurudishia mlango, na Klaudia akasikia komeo likiingia.

Damian alikuwa ameshaondoka. Nyenje walilia, wakalia. Klaudia alikaa barazani, na kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya alijaribu kuukumbuka ule usiku wa Bukoba. Mazoezi ya kwaya. Wali na samaki. Kitanda cha juu, karibu na dirisha. Alikumbuka kulala. Alikumbuka kuamka wenzake bado wanakoroma, akashuka kitandani, na akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria tangu asubuhi ile: kwamba kabla ya kuvaa viatu alikwenda bombani kuosha miguu, kwa sababu ilikuwa na tope, na vipande vya majani makavu ya mgomba.

Wakati huo hakujiuliza. Aliosha tu.

Kulipokaribia kupambazuka, Bibi Kokwijuka alianza kulia kilio cha msiba mle ndani. Klaudia aliusukuma mlango, ukakataa. Aligonga, akaomba, akasema jina lake mwenyewe mara nyingi, na hakuna aliyekuja kumfungulia.