Mguu wa Salvatory na Mashine Inayosikiliza Misuli

Mpunga ukianza kuweka punje, watu wengi wa Kiberege huhamia mashambani. Ndege waitwao kwelea kwelea huja makundi kwa makundi. Asiyelinda shamba lake hana atakachovuna.

Salvatory alilinda shamba lake akiwa juu ya dungu, yaani kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi. Kamba ndefu ilitoka kwenye dungu hadi kwenye nguzo zilizoning'inizwa makopo. Akivuta kamba, makopo yanalia na ndege wanaruka.

Lakini Salvatory ni mtu asiyeweza kukaa mikono mitupu. Alitaka kufukuza ndege huku anasuka wavu wa kuvulia samaki. Kwa hiyo mwaka huu alibuni jambo. Alifunga ncha ya kamba mguuni, chini kidogo ya goti la kulia. Mguu ukafanya kazi ya ndege, mikono ikafanya kazi ya wavu. Majirani walipopita walimsifu, na wawili wakaiga. Nisiseme uongo, hata mimi ningeiga.

Siku ya kumi alishuka kwenye dungu, na mguu wa kulia haukumtii. Kisigino kilisimama sawa, lakini alipotaka kuinua wayo, uligoma. Vidole viliburuzika chini. Juu ya wayo alihisi ganzi. Maumivu hakuyasikia kabisa, na hilo ndilo lilimtisha zaidi.

Mkewe, Merina, alimwona anavyotembea.

"Baba Rosemery, mguu una nini?"

"Umelala tu. Utaamka."

Haukuamka siku hiyo, wala wiki hiyo. Salvatory alikuwa na hofu moja, na hakumwambia mtu. Baba yake alipooza akiwa na umri kama wake. Alilala kitandani miaka saba. Sasa kila asubuhi Salvatory aliutazama wayo wake na kujiuliza: utarudi, au hautarudi?

Kuhusu ndege, alipata dawa yake mwenyewe. Mguu wa kulia ni mgonjwa? Basi kamba akaihamishia mguu wa kushoto.

Wiki ya tatu kaka yake mkubwa, Eustaki, alikuja shambani na wembe mpya mfukoni.

"Umekanyaga kitu wewe," alisema, akiutoa wembe. "Umetegwa njiani. Jumapili baada ya misa nakuchanja hapa kwenye kifundo. Tunapaka dawa, kitu kinatoka."

Merina ni mwanamke wa maswali. Tangu utoto wake watu wamemwambia anauliza mno, naye hajaacha.

"Shemeji, samahani," alisema. "Unajuaje kwamba ugonjwa uko kwenye kifundo?"

"Si ndipo mguu ulipolegea?"

"Ndipo ulipolegea. Lakini ndipo ulipoumia?"

Eustaki aliurudisha wembe mfukoni, akasema atasubiri hadi Jumapili.

Kesho yake Merina alimchukua mumewe hadi kituo cha afya. Pale alikuwapo tabibu kijana aitwaye Gladness.

"Shikamooni," alisema Gladness.

"Marahaba, mwanangu."

Gladness aliwasikiliza, kisha akaupima mguu kwa mikono yake. "Baba, sukuma kiganja changu kwa wayo." Salvatory alisukuma kwa nguvu. "Vizuri. Sasa vuta wayo juu." Wayo haukuinuka. Gladness alimwambia atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme jina lake. Vyote aliviweza.

"Hii haifanani na kiharusi," alisema. "Kusukuma unaweza, kuinua huwezi. Nadhani kuna mshipa mmoja wa fahamu wenye shida. Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Tujue amri inakwama wapi. Wiki hii kuna wataalamu hospitali ya Ifakara. Wamekuja na mashine ya kupima mishipa ya fahamu na misuli."

"Kuchanja je?" Merina aliuliza.

"Mama, asichanjwe. Pale pana ganzi. Kidonda kikioza hatasikia mapema."

Alhamisi walifika Ifakara. Merina alikuwa amempaka mumewe mafuta miguu yote hadi ikang'aa. Wanakwenda kwa wataalamu, hawawezi kwenda na miguu iliyopauka!

Mtaalamu wa kipimo aliitwa Omega. Alikuwa dada mwembamba, mwenye kucheka upesi. Alibandika kibandiko chenye waya juu ya wayo wa Salvatory. Kikateleza. Akabandika kingine. Nacho kikateleza.

"Nani kampaka huyu mafuta?" aliuliza.

Merina aliangalia dirishani.

"Siku ya kipimo hiki tunaoga na sabuni, hatupaki mafuta," Omega alisema huku anaufuta mguu. "Sasa baba, nitakupa umeme mdogo kwenye ngozi. Una kifaa chochote kifuani cha kuendesha moyo? Unakunywa dawa za kuzuia damu isigande?"

"Sina, wala sinywi. Umeme? Mwanangu, mimi nimekuja kutibiwa, sikuja kupigwa shoti!"

"Nianze mimi," alisema Merina, na mkono ulikuwa umeshafika mezani.

Omega alicheka. Akamgusa Merina kwenye kifundo cha mkono kwa kifaa chenye ncha mbili. Tak! Kidole gumba kikaruka.

"He! Kimeruka chenyewe! Sijakiambia kitu!"

"Nimekiambia mimi," alisema Omega. "Nimeutuma umeme kwenye mshipa, mshipa umepeleka amri, msuli umeitika. Mashine inapima amri imekwenda kwa kasi gani na msuli umeitika kwa nguvu gani. Umeumia?"

"Kama kuchapwa na mpira mwembamba. Nipige tena."

"Mama, mgonjwa ni baba."

Salvatory aliona aibu kushindwa na mkewe. Akanyoosha mguu.

Omega alianzia kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Tak! Vidole vikatikisika. Salvatory alishtuka, kwa sababu vidole hivyo havikuwa vimeinuka kwa wiki tatu na zaidi. Omega akapanda hadi chini kidogo ya goti. Tak! Vikatikisika tena. Kisha akapima juu kidogo, pembeni mwa goti. Tak! Safari hii vidole vilitikisika kidogo sana, na mstari kwenye kioo cha mashine ukawa mfupi.

Merina alikuwa amesimama mbele ya mashine, karibu aingie ndani yake.

"Ukipiga chini, msuli unaitika," alisema. "Ukipiga juu, hauitiki vizuri. Basi amri inakwama katikati! Hapo pembeni mwa goti!"

"Mama, nani amekufundisha?"

"Naona kwa macho."

Hivyo shida haikuwa kwenye kifundo. Wembe wa Eustaki ungekata mahali pasipo na kosa lolote.

"Sasa tupime mguu ulio mzima, tulinganishe," alisema Omega. Akapima wa kushoto. Alipofika pembeni mwa goti alirudia kipimo. "Baba, mguu huu nao umeanza. Amri inapungua kasi mahali pale pale. Miguu miwili, mahali pamoja. Kuna kitu kinakubana hapa?"

"Hakuna," alisema Salvatory.

Merina aliinama. Chini ya kila goti, ngozi ilikuwa na alama nyeusi iliyozunguka mguu.

"Kamba!" alipiga kelele. "Baba Rosemery, kamba ya ndege!"

Salvatory alieleza yote, kwa sauti ndogo. Omega alisikiliza bila kucheka. Akachukua kidole cha Salvatory na kukiweka upande wa nje wa mguu, chini ya goti, palipo na kinundu kidogo cha mfupa.

"Mshipa unapita hapa, juu ya mfupa, chini ya ngozi tu. Hauna nyama ya kuukinga. Kamba ikiubana siku nzima, unaumia. Hata kuchuchumaa saa nyingi kunaweza kuuumiza. Nani mwingine anafunga kamba hivyo?"

"Majirani wawili. Wameniiga."

"Waambieni leo."

Ndipo Salvatory akauliza lile swali lake.

"Mwanangu, utarudi au hautarudi?"

"Tuuulize msuli," alisema Omega. Alitoa sindano nyembamba. "Hii haina dawa wala umeme. Inasikiliza tu. Itauma kidogo."

Aliiingiza kwenye msuli wa mbele ya mguu. Mashine ilikuwa kimya.

"Kimya hiki ni kizuri. Mshipa ungekuwa umekatika, kwa wiki hizi msuli ungepiga kelele hata ukiwa umepumzika. Sasa baba, jaribu kuinua wayo."

Salvatory alikaza uso. Wayo haukusogea. Lakini kutoka kwenye mashine ilisikika sauti: tk... tk... tk.

"Nini hiyo?"

"Ni wewe. Ni msuli wako."

"Unanisikia?"

"Unakusikia, ila kwa mbali. Nyuzi chache tu ndizo zinazopata amri. Mshipa umebanwa, haujakatika. Ukiacha kuubana, natumaini utapona, kwa wiki kadhaa au miezi."

Salvatory alilia, na hakujificha. Aliomba ajaribu tena, asikie tena.

Jioni ile Merina alipita kwenye madungu ya majirani, na kamba zote zikatoka miguuni, zikafungwa kwenye nguzo za madungu. Eustaki alielezwa habari ya kipimo mara tatu. Mara ya nne alitaka kuionja ile shoti mwenyewe. Salvatory alivaa kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo ili asijikwae. Gladness alimfundisha mazoezi, na kumwonya akague wayo wenye ganzi kila siku asije akawa na jeraha asilolijua. Aliyafanya mazoezi asubuhi na mchana, bila kukosa. Mguu wa kushoto ulipona haraka. Wa kulia ulikawia.

Walivuna. Mpunga ukaanikwa uani. Asubuhi moja Merina alikuwa anaugeuza juani, Salvatory amekaa kwenye kigoda.

"Mama Rosemery. Njoo."

Alikuja. Salvatory alinyoosha mguu wa kulia, akakaza uso kama siku ile. Kidole gumba kiliinuka. Kiliinuka kidogo tu, unene wa punje ya mpunga.

Merina alipiga magoti kwenye vumbi ili aone vizuri.

"Tena," alisema.

Kidole kikainuka tena.