Pazia, Mwambie Mume wa Qabale

Je, wewe ungeweza kumpelekea mkweo maneno ya mapenzi, mchana kweupe, masista wakikutazama?

"Mama, sogea umsemeshe," sista Nyevu alirudia. "Amepasuliwa kichwa, hakupasuliwa masikio. Pengine anasikia."

"Huyo ni mume wa binti yangu," Kaltuma alijibu nyuma ya pazia la kijani, ushungi umemfunika mpaka puani. "Kwetu Waorma, mkwe na mama mkwe hawaonani uso wala hawasemezani. Msemeshe wewe."

"Mimi nimemwita mpaka koo limekauka. Sauti yangu haijui. Ataka sauti ya kwao. Na hapa ni kwa mahututi, mama, si arusini!"

Kaltuma alikuja Mombasa kutibiwa macho tu. Ndipo Sadik, mkwewe, alipoanguka hapo hapo Mombasa kutoka juu ya lori la ng'ombe, damu ikamganda ndani ya kichwa. Mvua za Elnino nazo zikakata barabara, mkewe Qabale akakwama Garsen, hana njia ila simu ya duka la Bulle. Basi aliyebaki wa kumuuguza akawa yule yule asiyeruhusiwa kumtazama.

Simu ya mezani kwa masista ikalia. Alikuwa Qabale.

"Mama! Ameamka?"

"Bado. Sista ataka nimsemeshe. Nimwambie nini?"

"Mwambie... mwambie ng'ombe wote tumewavusha, wako mahali pakavu. Yule mwekundu amezaa."

"Na wewe je?"

Krrr. Laini ikakatika. Kaltuma akafyonya.

Kwao neno la mkwe hupitia kwa mtu wa tatu. Akaligeukia pazia.

"Ewe pazia, mwambie huyo bwana ng'ombe wake ni wazima. Yule mwekundu amezaa."

Nyevu akaziba mdomo cheko lisimtoke. Sadik kimya. Mashine ya kupumulia tu, fuu, fuu.

Kesho yake ikawa habari za mbuzi. Keshokutwa, maji yamefika wapi. Pazia likaambiwa yote, mgonjwa hata ukope hakutikisa.

"Dawa ya usingizi tulishaikata," daktari akasema. "Angalau angejibu kwa kidole. Nina wasiwasi."

Simu ilipolia tena, subira ya Kaltuma ilikuwa imekwisha.

"Leo usiniletee mbuzi! Mtu haamki kwa ajili ya mbuzi. Kuna nini baina yenu?"

Nyuma ya Qabale foleni ya simu ikapiga kelele: "Dada, maliza! Na sisi tuna watu wetu!"

"Mama, naona haya."

"Haya gani? Mimi hapa nazungumza na kitambaa!"

"Asubuhi ile akipanda lori, aliniuliza kama nampenda. Hakuwahi kuniuliza kabla. Nikacheka. Nikamwambia, 'Nenda, ng'ombe wanaungua jua.' Akapanda, hakugeuka."

"Na jibu lenyewe?"

"Jibu... ni ndiyo."

"Usikate."

Kaltuma akaulaza mkono wa simu mezani, taratibu, akaunyoosha ushungi, akalikabili pazia. Akakohoa.

"Pazia, mwambie mume wa Qabale, lile alilomuuliza mkewe asubuhi ile, jibu ni ndiyo. Mkewe alicheka kwa ujinga. Amsamehe."

Nyevu alikuwa ameshika mkono wa Sadik. Akaruka.

"Mama! Amenibana! Sema tena!"

"Ndiyo! Pazia, mwambie ndiyo!"

"Amebana tena! Daktari! Njoo!"

Kaltuma akarudi kwenye simu, ushungi umelowa machozi.

"Qabale, amembana sista mkono! Amesikia!"

Qabale akalia, kwikwi juu ya kwikwi.

"Nyamaza unisikilize. Mwenzio uso wangu umeshaharibika leo kwa ajili yako. Lakini neno lenyewe bado hujanipa. Liseme."

"Mama, duka limejaa watu."

"Wasikie!"

Qabale akavuta pumzi.

"Nampenda," akasema, kisha akapaza sauti mpaka foleni nzima ikanyamaza. "Mama, mwambie nampenda! Nampenda tangu siku ya kwanza!"